Njiti ya Kiberiti Mlimani Matogoro

Simu ya msiba ilinikuta nakata kucha za miguu, kazi ambayo kwa umri wangu inataka kiti kizuri, mwanga wa kutosha na moyo uliotulia. Mguu mmoja nilikuwa nimeumaliza, wa pili bado. Aliyepiga alikuwa Otilia, binti wa dada yake Zeno, naye hakuzunguka. "Shikamoo babu. Mjomba ametutoka alfajiri. Tunakungoja wewe, bila mtani hatuziki." Nikaitikia marahaba, nikasema nakuja, kisha nikabaki nimekaa na mkasi mkononi nikiutazama ule mguu wa pili. Zeno na mimi tulikuwa rika moja. Nilikuwa nimemtukana karibu kila wiki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, naye akinirudishia bila kupunguza, na sasa sikuwa na wa kumtukana. Nililia palepale, kwa sauti, na mke wangu akatoka jikoni akidhani nimejikata.

Mimi ni Mbena wa Njombe. Zeno alikuwa Mngoni wa hapahapa Songea, na Wabena na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipochoka kuchomana mikuki. Maana yake ni kwamba niliruhusiwa kumwambia lolote mbele ya yeyote, na siku ya msiba wake nina kazi ambayo ndugu zake hawawezi kuifanya. Mtani ndiye anayelalamika kwamba kaburi ni fupi, ndiye anayelizuia jeneza mlangoni, ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea na kuongea mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Nilipofika Lizaboni, nyumbani kwa Zeno, walikuwa wameshaniandalia. Kofia ya Zeno ilikuwa imetundikwa kwenye usukani wa baiskeli yake, na baiskeli imeegemezwa ukutani chini ya turubai: ile ile ya Kichina, nzito kama kitanda, rangi imebanduka hadi kwenye chuma. Vijana wa siku hizi hupita barabarani Jumamosi wamevaa kofia ngumu na miwani myeusi, baiskeli zao wanaweza kuziinua kwa kidole, wakienda kuuzunguka mlima Matogoro kwa starehe na kurudi wakipigana picha. Zeno aliwacheka sana. Alikuwa anaupanda mlima uleule kabla baba zao hawajaoa, kwa chuma hicho, na hakuwa anastarehe.

Upande wa wanawake, mkekani, alikuwa amekaa Adelina. Alikuwa ametoka Peramiho na gari la asubuhi, peke yake, amejifunga kitenge cha buluu na leso ameibana mdomoni. Nywele zilizochungulia kwenye kilemba zilikuwa nyeupe zote. Otilia alinisogelea akaninong'oneza, "Babu, yule bibi ni ndugu yetu wa wapi? Amenisalimia kwa jina, mimi simfahamu." Nikamwambia ni mtu aliyefahamiana na mjomba wake zamani, na kwamba ampe chai yenye sukari ya kutosha. Nikaenda kukaa na wanaume, karibu na moto, na kila mmoja akanikumbusha kazi yangu. Sikuwa na haraka nayo. Kichwani nilikuwa nimesharudi Majengo, kwenye kile chumba chenye vitanda viwili.

Mwaka ninaoukumbuka, mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi na Zeno alikuwa fundi seremala. Tulipanga chumba kimoja kwa Mama Kandida, mjane aliyekuwa anatupikia pia. Vitanda alivitengeneza Zeno, kimoja kirefu na kingine kifupi kwa sababu mbao zilimwishia, na kile kifupi akanipa mimi, akisema Mbena hujikunja kwa baridi tangu tumboni kwa mama yake. Kulikuwa na meza, taa ya kandili, kalenda ya parokia, na msumari mmoja ukutani ambao tuliugombania kutundika mashati. Chakula cha jioni kilikuwa ugali na likolo, yaani mboga ya majani, mara nyingi ya maboga iliyoungwa kwa karanga, na siku Mama Kandida akiwa amefurahi kulikuwa na dagaa wa Nyasa. Tulikula barazani, sahani magotini. Nyumba ile, kama nyingi za Majengo wakati huo, kuta zake za ndani hazikufika juu. Ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa pa wote: moshi, harufu ya vitunguu, sala na maneno.

Masika ya mwaka ule Zeno aliugua nimonia. Alilazwa hospitali ya misheni, wakamtibu, akapona, wakamruhusu. Kifua kilirudi lakini nyama haikurudi. Suruali alizifunga kwa kamba, mashavu yakaingia ndani, na mabega yakasimama kama ya kiango cha nguo. Leo mtu akikonda watu humuuliza kama anafanya mazoezi. Miaka ile mwembamba alikuwa ameshahukumiwa. UKIMWI ulikuwa umeingia mjini, dawa hazikuwepo, na watu waliogopa hata kulitaja jina; walisema "ule ugonjwa" na kumtazama mtu suruali. Nilisikia watu wengi wakizikwa namna hiyo wakiwa bado wanatembea. Wengine kweli walikufa. Wengine walikuwa na njaa tu, au mawazo.

Jumapili moja mchana tulikuwa tumejilaza vitandani, na upande wa pili wa ukuta Mama Kandida alikuwa anachambua mboga na jirani yake, Mama Siwema. Walidhani tumetoka.

"Fundi umemwona lakini?" akauliza Mama Siwema. "Suruali inamtoka yule."

"Nimemwona. Mimi mwenzangu kikombe chake nimeshakitenga."

"We, sema polepole."

"Kwani nimesema nini? Nimesema kikombe."

Zeno alikuwa amelala chali, macho kwenye bati. Baadaye, wanawake walipotoka kwenda kisimani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbena, kikombe changu ni kipi?" Nikafikiri. Nikakumbuka kwamba kwa majuma mengi alikuwa anapewa kikombe cha bati chenye mdomo wa buluu, na sisi wengine tulipokea chochote. Nikamwambia wamempa kikombe cha ukoo wa kifalme, ashukuru, kwa sababu Mngoni hajawahi kunywea kitu chenye urembo. Akacheka sana, hadi akajishika ubavu, na mimi nikacheka, na tulipomaliza kucheka sote wawili tulijua kilichosemwa. Tangu siku hiyo, kikombe cha buluu kilipoletwa, alikuwa anakiinua juu kwanza kama padre anavyoinua kalisi, ndipo anywe. Mama Kandida alidhani anamshukuru Mungu.

Maneno ya Mama Kandida angeweza kuyabeba. Yaliyomuumiza yalikuwa ya nyumba nyingine. Chini ya mlima Matogoro, pale lami ilipoishia, palikuwa na nyumba ya Mzee Fokasi, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiishi na Adelina, binti wa marehemu kaka yake. Zeno aliwahi kuitwa pale kutengeneza fremu za madirisha. Kazi ya juma moja ikachukua mwezi, na madirisha yakawa mazuri kuliko nyumba. Adelina alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye namna ya kucheka akitazama pembeni, na Zeno alimpenda kwa moyo wote, bila kujificha, mpaka nikawa namwonea haya. Alipeleka mshenga mara ya kwanza kabla ya kuugua, akapokewa vizuri. Akapeleka mara ya pili baada ya kupona, na mshenga akarudi na jibu la Mzee Fokasi: "Tumesikia kijana ana kifua. Wacha tuangalie kwanza." Hawakukataa. Waliangalia. Zeno alikaa kitandani na lile neno kuangalia, akaligeuza huku na huku, na mwisho akasema kama ni kuangalia, atawapa cha kuangalia.

Ndivyo mzunguko ulivyoanza. Kila Jumamosi kiangazi kile, baada ya chai, tulitoa baiskeli nje, tukatoka Majengo, tukapita mbele ya nyumba ya Mzee Fokasi na kuingia njia ya msituni. Yangu niliazima kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa haitumii. Njia ilipanda ndani ya miti bila huruma, vumbi jekundu na mawe, kona baada ya kona, na kila ukidhani umefika juu, mlima unakuonyesha mgongo mwingine. Mwanzoni mwa kiangazi miti ilikuwa mitupu. Baadaye, kabla hata tone la mvua kuanguka, ikaanza kutoa majani machanga mekundu, mlima mzima ukawa na rangi ya shaba. Kwenye mabonde madogo kulikuwa na vijito, maji baridi ya kuumiza meno, ndiyo hayohayo yanayoenda kuwa Ruvuma huko chini. Juu kabisa, penye mnara, tulipumzika tukitazama mabati ya mji. Halafu tukateremka upande wa pili, mimi mbele kwa sababu ya uzito wangu, breki zikinuka mpira, hadi barabara ya Namtumbo, na kutoka hapo tukarudi mjini tukifukuzana na malori ya tumbaku. Mzunguko mzima ulikula siku. Mimi nilikuwa mnene, nilichukia kila kipande cha kupanda, na sehemu nyingine nilishuka nikasukuma huku nikiitukana Ungoni yote.

Zeno hakushuka hata mara moja. Alisimama juu ya pedali, mgongo umenyooka, na katikati ya midomo alibana njiti ya kiberiti, kichwa cha njiti kikiangalia nje. Mara ya kwanza nilidhani ni madaha. Tulipofika mnarani akaitoa, akaikwangua kwenye kiberiti, ikawaka, akaitazama ikiungua hadi karibu na vidole, akaitupa na kuikanyaga vizuri.

"Mtu akipanda mdomo wazi, ulimi nje, watu wanasema," akaniambia. "Mdomo ukiwa umefungwa watasema nini?"

"Watasema unakula kuni. Panya wa kula wamewaishia Wangoni, sasa mmehamia kwenye miti."

"Cheka tu, Mbena. Njiti ikilowa haiwaki. Ikiwaka maana yake sijahema kwa mdomo, na kifua changu ni kizima. Hiyo ndiyo hospitali yangu."

Kila Jumamosi niliiona njiti ile ikiwaka. Adelina naye alijua. Wakati wa kupita kwetu alikuwa nje, anapeta mahindi au anachambua maharage kwenye ungo, kazi ambayo sidhani kama nyumba ile ilikuwa na maharage ya kuitosha. Zeno alipompita aliinua kidevu tu, njiti ikielekea juu, na yule binti akatazama pembeni na kucheka. Nyuma yake, dirishani, kwenye zile fremu nzuri, wakati mwingine nilikiona kichwa cha Mzee Fokasi. Nakiri kwamba nilianza kuamini. Mwezi wa tisa Zeno alikuwa ameanza kujaa kidogo mashavuni, na Mama Kandida mwenyewe alimwongezea ugali bila kuombwa, ingawa kikombe kilibaki kilekile.

Mwezi wa kumi, joto likiwa limepanda hadi mbwa hawabweki, mshenga alileta neno kwamba Mzee Fokasi anamwita Zeno mwenyewe, aje ale chakula cha mchana nyumbani Jumamosi, wamwone. Mtu mwenye akili angekwenda kwa miguu, amevaa koti, amepaka mafuta, na kiti angekikalia kwa nusu ya makalio. Nilimwambia hivyo. Yeye akasema hapana. Siku zote wamemwona akipanda, hawajamwona akirudi. Atazunguka mlima asubuhi kama kawaida, lakini tutaugeuza mzunguko, tuanzie barabara ya Namtumbo, ili tuushuke mlima mbele ya nyumba yao na aingie mlangoni akitoka juu, na vumbi lake. "Nataka wamwone mtu aliyetoka Matogoro," akasema. Shati jeupe alilifunga kwenye karia ndani ya mfuko wa nailoni. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, na nikimkumbuka sasa natamani angekuwa na furaha pungufu ya hapo au akili zaidi ya hapo, moja kati ya mbili.

Upande ule wa Namtumbo tulipanda vizuri. Tulikuwa tumekaribia mnara tulipousikia moto, maana moto wa nyasi kavu unausikia kabla ya kuuona. Kiangazi ni wakati wa kuchoma. Watu waliwasha nyasi pembezoni mwa msitu ili panya watoke mashimoni wawapige, na siku ile upepo uligeuka, moto ukaingia kwenye miti. Miaka yote nilikuwa nimemtania Zeno kwa panya, na ndio hao. Vijana wenye fimbo walitujia mbio wakiteremka, wakicheka, mikufu ya panya imening'inia mikononi, wakatuambia njia inapitika tukiwahi. Tungeweza kurudi nyuma. Zeno akatazama jua, akasema saa ya chakula itatupita, akabana njiti yake na kuingia. Nikamfuata. Moshi ulikuwa mzito, mweupe, hauna njia. Nilimwona akipotea na kutokea, bado amesimama juu ya pedali, mdomo umefungwa. Mimi nilihema kama ng'ombe, nikauvuta moshi wote ulionistahili na wa jirani. Tulipotokea mnarani macho yetu yalikuwa mekundu na mate yangu meusi. Akaitoa njiti, akaikwangua. Ikawaka. "Unaona?" akasema, kwa sauti iliyokwaruza, na tukaanza kuteremka.

Sebule ya Mzee Fokasi naiona hadi leo kuliko ninavyoiona hii yangu. Viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, redio iliyofunikwa kitambaa chake, na yale madirisha. Zeno alinawa kisimani, akavaa shati jeupe. Walikuwepo Mzee Fokasi, mke wake, shangazi mmoja aliyetoka kijijini, na Adelina aliyeleta maji ya kunawa, sahani, kuku, ugali na likolo, kisha akaambiwa akae. Tulisalimiana, tukala. Mzee aliuliza habari za mbao, bei na aina, na Zeno akajibu vizuri, kwa kifupi. Nilikuwa karibu naye, ndiyo maana niliona kinachotokea. Alikuwa anajizuia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, kila tonge akilisindikiza na maji, na mshipa wa shingo umesimama. Shangazi akamuuliza ukoo wake ni wa akina nani. Zeno akafungua mdomo kujibu, na kikohozi kikatoka.

Kilimtoka kwa muda mrefu. Alijikunja hadi paji likagusa magoti, shati jeupe likimtikisika mgongoni, na alipojaribu kukizuia kikaja kikubwa zaidi. Mke wa mzee alisogeza sahani yake, kidogo tu, kama mtu anayepisha kiwiko. Mimi nilikohoa pia, kikohozi kibaya kuliko chake, chenye majivu ndani. Hakuna aliyenisikia. Nilikuwa na mashavu kama ya mtoto wa padre. Kikohozi changu kilikuwa kikohozi tu.

"Ni moshi, mzee," nikasema nilipopata pumzi. "Mlima unaungua. Tumepita kwenye moto, sote wawili. Huyu ni mzima, namwona kila Jumamosi akipanda bila hata kufungua mdomo. Mimi ninayekaa naye chumba kimoja nakuambia."

Mzee Fokasi aliniangalia kwa upole. "Wewe Mbena wa Njombe, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mwanangu, wewe ni mtani wake. Jana ulimwambia amekonda kama fito, mtaa mzima unakusikia. Leo unasema ni mzima. Nichukue lipi?" Hakuwa ananidhihaki. Aliuliza kama mwalimu anavyouliza darasani, na mimi, mwalimu, nikainamia sahani yangu, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimesema hayo na mengine zaidi, na kwa desturi yetu neno la mtani halishiki, si kwa ubaya wala kwa wema. Kwa hiyo akamgeukia Adelina. "Binti, wewe unakaa pale nje kila Jumamosi. Unamwona. Na utakayeishi naye ni wewe. Huyu ni mzima?"

Adelina alikuwa ameshika sahani ya mifupa. Zeno aliinua kichwa, macho mekundu, anatiririka machozi ya moshi, akamtazama. Nilimwona akikaza midomo, kana kwamba njiti bado ipo pale. Nje kuku waliosalia walikuwa wanaparua. Adelina alitazama mifupa, akatazama pembeni, lakini safari hii hakucheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Tulingoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa aibu, ndipo mzee akasema, "Haya," na kumwambia mkewe alete maji ya kunawa.

Tulirudi Majengo tukisukuma baiskeli. Majivu yalikuwa yanaanguka mjini kote, membamba, juu ya nguo zilizoanikwa, na mitaani watu walikuwa wanakohoa, wanene kwa wembamba. Jioni kikombe cha buluu kilipokuja Zeno hakukiinua. Nilijaribu kumtania, nikakuta maneno hayaji. Ndiyo mara pekee tangu nimjue nilipomwonea huruma mbele yake, naye akaiona, akageukia ukutani. Kabla ya Krismasi tulisikia kwamba Adelina ameposwa na mtu wa Peramiho, mkulima, mtu wa watu. Sijawahi kumchukia. Alikuwa na umri mdogo, ameona wenzake wangapi wameolewa na wakazikwa, na aliulizwa mbele ya watu. Nani angekuwa na uhakika? Hata mimi, siku nyingine nikimsikia Zeno akigeuka kitandani, nilitega sikio.

Na Zeno hakufa. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mvua zilinyesha, akanenepa, nyama yote ikarudi na riba juu yake, akaishi kuwazika Mama Siwema, Mama Kandida, na nusu ya mtaa uliokuwa umemzika yeye. Mzee Fokasi alipofariki jeneza alilitengeneza Zeno. Nilimkuta anapiga randa, nikamuuliza kwa nini hakumwachia fundi mwingine, akaniambia madirisha ya nyumba ile ni yake na jeneza litapita mlangoni, hataki mtu alete kitu kibaya pale. Hakuoa. Wanawake walikuwepo, akachelewa na kuchelewa, hadi ikawa ni tabia. Jumamosi aliendelea kuupanda mlima, peke yake, mimi nilishaacha, na alipopita pale lami ilipokuwa inaishia zamani aliinua kidevu kwa nyumba ambayo haikuwa na mtu nje.

Otilia alikuja kunigusa bega. Jeneza lilikuwa tayari kutoka. Nikasimama, nikavaa kofia ya Zeno, ikanifika masikioni, nikaitoa baiskeli ukutani na kwenda nayo katikati ya uwanja. "Nyinyi Wangoni!" nikapaza sauti. "Huyu mtu wenu amelala kwa sababu ya uvivu! Mlima umemshinda! Mnataka kumwona anavyopanda?" Wakaanza kucheka, kama inavyotakiwa. Nikapanda baiskeli, magoti yakalia, nikaanza kuzunguka uwanja nikiyumba, mdomo wazi, ulimi nje, nikihema na kukohoa na kujishika kifua. Watoto walipiga makofi. Hata dada yake Zeno, aliyekuwa hajainua kichwa tangu alfajiri, alicheka akiwa anajifuta. Ndivyo walivyomjua uzeeni, mzee anayehema mlangoni akirudi, na ndivyo nilivyomfanya.

"Sivyo."

Sauti haikuwa kubwa. Adelina alikuwa amesimama mkekani, ameshikilia bega la mwanamke wa pembeni. Akaja polepole hadi pale moto wa wanaume ulipokuwa, akainama, akaokota kiberiti kilichokuwa juu ya jiwe, akaja nacho mbele yangu. Alinukia sabuni na vumbi la safari. Akatoa njiti moja, akaiweka katikati ya midomo yangu kama anavyolishwa mtoto, kichwa cha njiti kikiangalia nje.

"Funga mdomo," akaniambia. Kisha akawageukia waliokaa, wanaume na wanawake, watu ambao wengi wao wakati ule hawakuwa wamezaliwa. "Mimi nilikuwa namwona kila Jumamosi. Alikuwa anapanda mdomo umefungwa. Niliulizwa, sikusema. Yule alikuwa mzima."

Hapakuwa na wa kumjibu. Aliyeuliza yuko ndani ya jeneza alilotengeneza Zeno miaka mingi iliyopita, na Zeno mwenyewe alikuwa kwenye lake pale mlangoni, kifuniko kimepigwa misumari. Nikapanda tena baiskeli. Nilisimama juu ya pedali, mgongo nikaunyoosha kwa kadiri ulivyokubali, nikazunguka uwanja mara moja nikivuta pumzi kwa pua, na mbele ya Adelina nikainua kidevu. Akatazama pembeni. Halafu nikashuka, nikaichukua njiti mdomoni na kuikwangua kwenye kiberiti alichokuwa amekishika, mara ya kwanza, ya pili, mpaka kichwa chake kikamomonyoka. Ilikuwa imelowa kwa machozi yangu. Zeno angenitukana mwaka mzima.